Ugonjwa Uliokosekana Mulago

Daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, miaka ya 1950, hakukosa kazi usiku wala mchana. Aliletewa watu ambao utumbo wao umejisokota, ngiri zilizobana, majipu yaliyojificha ndani ya misuli, akina mama ambao vizazi vyao vimepasuka wakati wa uchungu. Saratani ya utumbo mpana hakuletewa, au aliletewa kwa nadra sana. Madaktari waliosoma naye na kubaki Uingereza walikuwa wakiikata mara kwa mara, nao waliihesabu miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi nchini mwao. Mulago mtu angeweza kupitisha miezi kadhaa bila kuiona.

Kukosekana kwa ugonjwa si jambo rahisi kuliona. Mgonjwa aliyelala kitandani anajieleza mwenyewe, lakini kitanda ambacho hakikupata mgonjwa wa aina fulani hakisemi kitu mpaka atokee mtu wa kuuliza. Pale Mulago walikuwapo wawili wa namna hiyo. Wa kwanza, Hugh Trowell, daktari wa magonjwa ya ndani, alifika Afrika Mashariki mwaka 1929 na kwa miaka mingi aliandika orodha ya maradhi ya Wazungu ambayo hakuyakuta kwa wagonjwa wake Waafrika. Mwaka 1960 orodha hiyo ilitoka ikiwa kitabu kizima kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika. Wa pili alikuwa Denis Burkitt, mzaliwa wa Enniskillen huko Ireland, aliyepoteza jicho la kulia akiwa na umri wa miaka 11 na bado akawa mpasuaji. Burkitt alianzia kazi Lira, kaskazini mwa Uganda, akahamia Mulago mwaka 1948.

Jina lake linajulikana kwa jambo jingine. Mwaka 1957 Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba mataya, na kutokana na mtoto huyo na wengine waliofuata, Burkitt akaandika mwaka 1958 habari za saratani ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Namna alivyoifuatilia ndiyo inayotuhusu hapa. Mwaka 1961 yeye na madaktari wamisionari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walinunua gari kuukuu la Ford kwa pauni 250, wakashika njia ya kusini. Kwa wiki 10 walikwenda kiasi cha maili 10,000, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuwaonyesha madaktari picha: mmewahi kuwaona watoto wa namna hii? Palipojibiwa ndiyo aliweka alama kwenye ramani, na palipojibiwa hapana aliweka alama vilevile. Ramani ikaonyesha kwamba uvimbe ule unafuata joto na mvua. Burkitt alijifunza katika safari hiyo kwamba swali fupi likiulizwa mahali pengi laweza kufika pasipofikiwa na maabara.

Alipohamia London katikati ya miaka ya 1960, Sir Richard Doll, yule aliyesaidia kuthibitisha kwamba sigara huleta saratani ya mapafu, alimkutanisha mwaka 1967 na Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini. Cleave alishikilia kwamba maradhi mengi ya Ulaya yana asili moja, yaani sukari na unga mweupe. Burkitt alimsikiliza na mara moja akazikumbuka wodi za Mulago. Walitofautiana katika jambo moja: Cleave alitazama kile kilichobaki baada ya nafaka kukobolewa, Burkitt akatazama kile kilichotupwa. Akaanza kuwaandikia kila mwezi madaktari wa hospitali za misheni zaidi ya 100, nyingi kati yake zikiwa barani Afrika, akiuliza wameona wagonjwa wangapi wa saratani ya utumbo, wangapi wa kidole tumbo, wangapi wa bawasiri.

Kisha akaomba kinyesi. Watu walimezeshwa vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwenye eksirei, wakapewa mifuko, na kila walichotoa kikapimwa uzito na kupigwa picha ili ijulikane vipande vimetumia saa ngapi kupita mwilini. Matokeo aliyatoa mwaka 1972 katika jarida la Lancet pamoja na Alexander Walker wa Johannesburg na Neil Painter wa London. Wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita kwa saa 36 hivi. Mabaharia wa Uingereza na wake zao walitoa gramu 100 hivi, na chakula kilikaa tumboni zaidi ya siku tatu. Wapo waliocheka. Mimi naona huu ni mmoja wa upimaji muhimu zaidi uliowahi kufanywa kwa watu wa Afrika Mashariki, na wanakijiji waliokubali kubeba mifuko ile wanastahili kutajwa katika historia ya tiba kwa heshima ileile wanayopewa walioandika makala.

Hapa ndipo bakteria wanapoingia, na waliingia mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1969 wataalamu wa bakteria wa Hospitali ya St Mary's, London, wakiwamo Vivienne Aries na Michael Hill, walilinganisha kinyesi cha Waingereza na cha Waganda. Waliona kwamba wakazi wa matumbo hayo hawakuwa kwa uwiano mmoja. Waingereza walikuwa na wengi zaidi wa jamii ya bakteroidi, na asidi za nyongo zao zilikuwa zimevunjwavunjwa zaidi. Nyongo hutoka kwenye ini kuja kuyeyusha mafuta, na sehemu yake inayofika utumbo mpana hugeuzwa na bakteria kuwa kemikali nyingine, baadhi yake zikiudhuru ukuta wa utumbo. Burkitt alipoandika makala yake kubwa ya mwaka 1971 kuhusu saratani ya utumbo mpana, alieleza hivyohivyo: chakula kilichokobolewa hubadilisha bakteria, bakteria hutengeneza sumu, na sumu hiyo hukaa muda mrefu ikigusa utumbo kwa sababu choo ni kidogo na hakitembei.

Wapinzani wake walikuwa na hoja, na si haki kuzipita. Uganda ya wakati ule ilikuwa nchi ya vijana, na saratani hii hupenda wazee. Wangapi waliugulia vijijini na kuzikwa bila kufika Mulago? Hoja hiyo ilijibiwa kwa kiasi na daftari la saratani la Kampala, lililoanzishwa mwaka 1951 na Jack Davies katika idara ya patholojia ya Makerere, mojawapo ya madaftari ya kwanza ya aina yake barani. Hata umri ulipozingatiwa, saratani ya utumbo ilibaki nadra. Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi. Mganda anayekula matoke hali pumba. Ndizi ile ikishapikwa ni laini, imejaa wanga, na nyuzinyuzi zake si nyingi kama nadharia ilivyotaka. Burkitt hakuwa na jibu la kutosha kwa hilo.

Wakati huohuo, katika vyumba vya upasuaji, bakteria walionekana kwa sura moja tu: adui. Kukata utumbo mpana na kuuunga ni kufungua mahali penye bakteria wengi kuliko kiungo kingine chochote cha mwili, na wagonjwa waliopona saratani kwa kisu walikufa kwa usaha. Mwaka 1973 Ronald Nichols, Robert Condon na wenzao walionyesha kwamba mgonjwa akimezeshwa neomisini na erithromaisini siku moja kabla ya upasuaji, pamoja na kusafishwa utumbo, maambukizi hupungua. Kufikia mwaka 1981, majaribio 26 yalipokusanywa pamoja, ilionekana kwamba vifo vilikuwa asilimia 11.2 kwa wasiopewa antibiotiki na asilimia 4.5 kwa waliopewa. Tofauti hiyo iliokoa watu wengi kuliko dawa nyingi za saratani zilizokuja baadaye kwa kelele. Lakini pia iliwafundisha madaktari kuwafikiria bakteria kama uchafu wa kuondolewa tu, basi.

Nje ya hospitali mambo yalikwenda mrama kwa namna nyingine. Hoja ya Burkitt ilipofika madukani ilibaki neno moja, nyuzinyuzi. Kampuni za vyakula ziliuza pumba za ngano kwenye maboksi, na watu waliambiwa kwamba makapi husukuma choo kitoke haraka. Bakteria wakasahaulika. Ndiyo maana pigo la mwaka 1999 na 2000 lilikuwa zito: uchunguzi mkubwa wa wauguzi wa Marekani haukuona kwamba nyuzinyuzi zinakinga, na majaribio mawili ya Marekani, moja likitumia pumba za ngano, yaliwafuata watu kwa miaka mitatu minne bila kuona vijinyama vya utumbo vikipungua. Vijinyama hivyo ndivyo chanzo cha saratani nyingi za utumbo. Magazeti yakatangaza kwamba Burkitt, aliyefariki mwaka 1993, alikosea. Mwaka 2003 uchunguzi wa Ulaya uliowahusisha zaidi ya watu laki tano katika nchi 10 ukasema kinyume: waliokula nyuzinyuzi nyingi waliugua kidogo.

Jibu lilikuwa limeshachapishwa mwaka 1980, na wachache walilitilia maanani. W. E. W. Roediger alichukua chembe za ukuta wa utumbo mpana na kuuliza zinakula nini. Alikuta kwamba hazitegemei sana sukari ya damu kama chembe nyingine. Kiasi cha asilimia 70 ya nguvu zake zinatoka kwenye butireti, asidi ndogo ambayo mwili wenyewe hauitengenezi utumboni. Hutengenezwa na bakteria wanapochachusha chakula ambacho utumbo mwembamba umeshindwa kukisaga. Yaani ukuta wa utumbo wetu hulishwa na bakteria, nao bakteria hulishwa na mabaki ya mlo wetu. Butireti ina kazi ya pili. Chembe ya saratani hupenda sukari, haiichomi butireti kwa bidii, basi butireti hurundikana ndani yake, hugusa jeni zake na kuizuia isiendelee kugawanyika, mara nyingine huisukuma ife. Chembe nzima hushiba, ile mbovu hulemewa, na kilichozilisha zote mbili ni kimoja.

Hilo linaliondoa fumbo la matoke. Chakula cha bakteria si makapi peke yake. Wanga unaokataa kusagwa, ule uliomo katika ndizi mbichi, katika maharage, katika nafaka nzima, hufika utumbo mpana na kuchachushwa huko. Wanga uliopikwa ukipoa hujifunga upya na sehemu yake huwa ngumu kusagwa, kwa hiyo kiporo cha ugali au cha wali kina zaidi ya wanga huo kuliko chakula kinachotoka jikoni sasa hivi. Kila mama wa Tanzania anaijua tofauti ya dona na sembe kwa rangi, kwa ladha na kwa heshima zinayopewa mezani. Wakazi wa utumbo nao wanaijua.

Jaribio lililoziunganisha nyuzi hizi lilitoka mwaka 2015. Stephen O'Keefe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh alichukua Wamarekani weusi 20 wa mji huo na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini. Kwa kundi la kwanza saratani ya utumbo ilikuwa ikiwapata kiasi cha watu 65 kati ya kila 100,000, kwa kundi la pili chini ya watano. Kwa wiki mbili wakabadilishana vyakula. Wamarekani walipewa mahindi, maharage, matunda, na nyuzinyuzi zao zikapanda kutoka gramu 14 hadi 55 kwa siku. Waafrika Kusini walipewa soseji, baga na chipsi, na nyuzinyuzi zao zikashuka kutoka gramu 66 hadi 12. Walipochunguzwa kwa kamera kabla ya mabadiliko, karibu nusu ya Wamarekani walikutwa na vijinyama, Waafrika hakuna. Baada ya siku 14 tu, butireti ya Wamarekani ilikuwa imeongezeka mara mbili na nusu, kuvimba kwa ukuta wa utumbo kumepungua, na chembe zimepunguza kasi ya kugawanyika. Kwa wanakijiji kila kitu kilikwenda kinyume, na asidi za nyongo zilizogeuzwa, zilezile ambazo St Mary's walizitilia shaka mwaka 1969, zikaongezeka mara kadhaa. Wiki mbili si saratani, wala jaribio hilo halikuonyesha mtu aliyeugua au kupona. Lakini lilionyesha kwamba utumbo husikia haraka sana, na kwamba asili ya mtu haimkingi akibadili sahani.

Historia hii ina upande wa pili, wa bakteria wanaodhuru wenyewe. Mwaka 1951 madaktari wawili wa Marekani, McCoy na Mason, walieleza mgonjwa ambaye moyo wake ulishambuliwa na bakteria, kumbe utumboni ana saratani. Mwaka 1977 ikathibitika kwamba streptokoki aina ya bovisi alikuwamo katika kinyesi cha asilimia 56 ya wagonjwa wa saratani ya utumbo, na asilimia 10 tu ya wasio nayo. Tangu hapo daktari makini akimkuta bakteria huyo kwenye damu ya mgonjwa humpeleka akapimwe utumbo kwa kamera, hata kama hana dalili. Hiyo ni huduma halisi iliyotokana na bakteria, na haihitaji mashine mpya.

Mwaka 2011 timu mbili, ya Robert Holt huko Vancouver na ya Matthew Meyerson huko Boston, kila moja kwa njia yake, zilisoma vinasaba vilivyomo ndani ya uvimbe wa utumbo na kumkuta mgeni yuleyule: fusobakteria, mkazi wa kinywani anayejulikana kwa madaktari wa meno kwa maradhi ya fizi. Alifikaje huko chini, na je, alileta uvimbe au alikaribishwa nao? Mwaka 2017 Susan Bullman, Meyerson na wenzao walionyesha kwamba saratani inaposafiri kwenda kwenye ini, bakteria huyo husafiri nayo. Walipopandikiza uvimbe wa namna hiyo kwenye panya na kuwapa metronidazoli, ambayo wengi wetu tunaiita Flagyl, uvimbe ulipunguza kasi ya kukua. Mwaka huohuo watafiti wa Shanghai walieleza kwamba fusobakteria huzisaidia chembe za saratani kujihami dhidi ya dawa za kemo, na kwamba wagonjwa wenye bakteria wengi wa aina hiyo ndio ambao saratani yao ilirudi zaidi. Mwaka 2024, Bullman akiwa Seattle, timu yake ilibainisha kwamba tatizo ni ukoo mmoja tu wa fusobakteria, uliokutwa katika kiasi cha nusu ya uvimbe 200 waliouchunguza.

Nasema hili kwa uzito wote: asiende mtu dukani kununua Flagyl kwa sababu ya aya iliyotangulia. Panya si mgonjwa, na dawa hiyo haichagui. Huua pia bakteria wasiopenda hewa ambao ndio watengenezaji wakuu wa butireti. Ugumu wote wa tiba hii umo humo, kwamba rafiki na adui wanaishi nyumba moja. Watafiti wanatafuta silaha inayolenga ukoo mmoja na kuwaacha majirani. Katika dawa ya kemo iitwayo irinotekani wamejaribu njia ya upole zaidi. Ini huifunga dawa hiyo kwa sukari ili isidhuru, lakini bakteria wa utumbo huifungua ile sukari waile, na dawa iliyoachwa huru huleta kuhara kukali. Mwaka 2010 watafiti wa North Carolina walizuia kimeng'enya cha bakteria bila kuwaua bakteria wenyewe, na panya wakakingwa.

Afrika Mashariki nayo haikubaki ilivyokuwa. Daftari la Kampala, lililosimama katika miaka ya vurugu na kufufuliwa mwaka 1989, linaonyesha saratani ya utumbo mpana ikipanda, na madaktari wa Nairobi na Dar es Salaam wanaona hivyohivyo. Duniani mwaka 2022 watu milioni 1.9 waligunduliwa nayo. Wagonjwa wetu wengi hufika wamechelewa. Damu ikionekana kwenye choo husemwa ni bawasiri, au amiba, na mtu hupewa dawa akarudi nyumbani, mara ya pili, mara ya tatu. Wengi wao si wazee.

Kuhusu vijana, habari nzito ilitoka Aprili 2025. Mwaka 2006 watafiti wa Ufaransa na Ujerumani walikuwa wamegundua kwamba baadhi ya bakteria wa E. koli hutengeneza kolibaktini, sumu inayokata vinasaba, na mwaka 2020 maabara ya Hans Clevers huko Utrecht ilionyesha kwamba sumu hiyo huacha alama zake kwenye vinasaba, alama zinazoweza kusomwa miaka mingi baadaye. Timu ya Ludmil Alexandrov wa San Diego ilisoma saratani za utumbo za watu 981. Waliougua kabla ya miaka 40 walikuwa na alama za kolibaktini mara 3.3 zaidi ya waliougua baada ya miaka 70, na alama hizo zaonekana kuwekwa utotoni, labda katika miaka 10 ya mwanzo. Watu hao walitoka nchi 11 za Amerika ya Kaskazini, Amerika ya Kusini, Ulaya na Asia. Afrika haikuwamo. Kama watoto wa Kampala, Kisumu au Mwanza wanakua na bakteria huyo tumboni, na kama ndiye anayewafuata wanapofika miaka 30, utafiti huo hauwezi kusema, na anayeweza kuanza kulijibu swali hilo ni mpasuaji wa hapa anayetuma kipande cha uvimbe maabara leo asubuhi.